Taa Nyekundu Inapodanganya: Umeme wa Magari ya Zamani Migori na Homa Bay

Katika dashibodi ya Land Rover Series III kuna taa ndogo nyekundu ya chaji yenye tabia ya kipekee. Huwaka pale pande zake mbili zinapopata umeme usiolingana, na huzima pande hizo zinapolingana. Dereva akizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, upande mmoja wa balbu hupata volti 12 kutoka kwenye betri, na upande wa pili huelekea kwenye altaneta ambayo bado imelala. Umeme hupita, balbu huwaka. Injini ikinguruma, altaneta huamka na kusukuma volti zake kwenye upande ule wa pili. Balbu hujikuta kati ya nguvu mbili zilizo sawa, umeme hauna pa kwenda, na taa huzima yenyewe. Hakuna kompyuta iliyotoa amri. Taa hiyo ni kipimo kamili kilichojengwa kwa balbu ya wati 2.2 na waya mmoja mwembamba.

Ndiyo maana hitilafu ya taa za dashibodi katika gari la zamani ni jambo la kuchunguzwa kwa akili kabla ya kushika bisibisi. Katika gari la kisasa, taa huwashwa na kifaa cha kielektroniki kilichokwisha kufanya uamuzi. Katika Land Rover ya mwaka 1975 au Peugeot 504 ya rika lake, taa yenyewe ni sehemu ya mfumo inaoupima. Ikiungua, jambo jingine laweza kuharibika pamoja nayo. Ikiwaka nusu, inaeleza kitu mahususi. Na ikikaa kimya siku zote, ukimya huo una maana mbili zinazopingana: huenda kila kitu ni kizima, au waya umekatika zamani na hakuna aliyegundua.

Magari haya hayakufika Migori na Homa Bay kwa bahati. Wakati kaunti hizi zilikuwa bado ndani ya Wilaya ya South Nyanza, barabara nyingi za kwenda Nyatike, Muhuru Bay, Ndhiwa na Mbita zilikuwa za udongo na changarawe, na gari la chesisi imara ndilo lililofika. Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nchini Kenya, kampuni ya Leyland Kenya iliyoanzishwa mwaka 1974 ilijenga kiwanda cha kuunganisha magari Thika, huku Peugeot zikiunganishwa Mombasa. Peugeot 504 ilikuwa na sifa zake tayari: ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ikashinda tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Zile za mkia mrefu zilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, kabla ya Nissan za viti 14 na baadaye Probox kuchukua nafasi yao.

Kwa sababu sheria ya Kenya huzuia kwa kawaida uingizaji wa magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, Land Rover ya zamani inayoonekana leo Awendo au Kendu Bay mara nyingi ni mkazi wa siku nyingi. Namba yake ya usajili isiyo na herufi ya mwisho humtambulisha. Gari la namna hiyo limeshapitia mikono ya mafundi wengi, na kila fundi ameacha waya wake.

Unyevu ndio unaoanza kuliharibu. Ziwa Victoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ni la maji baridi, kwa hiyo gari la Homa Bay haliliwi na chumvi kama gari la Mombasa. Hata hivyo, mchana wa kando ya ziwa ni wa joto, usiku hewa hupoa, na mvuke ulioingia nyuma ya dashibodi hugeuka matone juu ya chuma baridi. Mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za vuli huongeza tope, na kiangazi huleta vumbi jekundu linalonata penye unyevu. Matone hayo yakikutana na metali mbili tofauti, mambo ya kikemia huanza.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma baada ya vita. Wabunifu wake wakatumia aloi ya alumini na magnesi iitwayo Birmabright kwa bodi, wakabakiza chuma kwa chesisi na kwa ukuta unaotenganisha injini na dereva. Mtindo huo uliendelea hadi Series III. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa mashamba na kwa mvua, lakini kwa umeme uliacha deni. Mwaka 1800 Alessandro Volta alionyesha kwamba metali mbili tofauti zikitenganishwa na kitambaa kilicholowa huzalisha mkondo wa umeme. Mahali popote alumini inapokutana na chuma au shaba penye unyevu, gari hujitengenezea betri ndogo isiyotakiwa. Alumini hulika, na badala yake hubaki unga mweupe. Unga huo ni oksidi ya alumini, nayo haipitishi umeme.

Sasa, umeme wa gari una safari ya duara. Hutoka kwenye ncha moja ya betri, hupitia fyuzi, swichi na balbu, kisha lazima urudi kwenye ncha nyingine. Ili kupunguza nyaya, watengenezaji waliamua kwamba safari ya kurudi ipite kwenye bodi na chesisi yenyewe. Balbu ya dashibodi hurudisha umeme wake kupitia waya mweusi mfupi uliofungwa kwa skrubu kwenye bati. Skrubu hiyo ikishika kutu au ikizungukwa na unga mweupe, safari ya kurudi huzibwa. Mwenye gari hununua balbu mpya, hununua fyuzi mpya, hata hununua swichi mpya, na taa zinaendelea kufifia. Sehemu zote alizobadilisha zilikuwa nzima.

Hesabu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti zinazopotea katika kizuizi ni ukinzani wake ukizidishwa kwa mkondo unaopita. Tuseme dashibodi ina balbu sita za wati 2.2. Kwa volti 12 zinahitaji takriban ampea 1.1. Kutu yenye ukinzani wa omu moja tu itakula volti moja hivi, na balbu zitabakiwa na volti 11. Hasara inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu ya waya wa tungsteni hushuka kwa kasi kuliko volti zake: kwa volti 11 hutoa kama robo tatu ya mwanga wake, na kwa volti 9 hutoa chini ya nusu. Dereva huona giza, ilhali mita ikiwekwa bila balbu kuwaka huonyesha volti 12 kamili.

Hapo ndipo vipimo vingi hukosewa. Kutu hula volti pale tu mkondo unapopita. Waya uliochomolewa na kupimwa ukiwa hauna mzigo utaonekana mzima hata kama umebakiwa na uzi mmoja wa shaba. Kipimo cha haki hufanywa taa zikiwa zimewashwa: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma cha nyuma ya geji. Penye afya, mita itasoma karibu sifuri, sehemu ndogo ya volti moja. Ikisoma volti moja au mbili, njia ya kurudi ni mbovu. Asiye na mita anaweza kuchukua waya mrefu, akaufunga kwenye hasi ya betri na kuigusisha ncha ya pili nyuma ya dashibodi. Taa zikichangamka ghafla, hitilafu imejulikana, na hakuna kilichonunuliwa.

Njia ya kurudi ikizibwa kabisa, umeme haukati tamaa. Hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia balbu ya jirani. Hivyo ndivyo yanavyozaliwa maajabu ambayo wenye magari huyasimulia: indiketa ya kushoto ikiwaka, taa za dashibodi nazo zinakonyeza; breki ikikanyagwa, taa ya nyuma inafifia badala ya kung'aa; taa kubwa ikiwashwa, geji ya mafuta inapanda. Dalili mbili zisizohusiana zikicheza pamoja, mchunguzi aache kuifuata kila moja peke yake na atafute pale zinapokutana. Karibu kila mara zinakutana kwenye skrubu moja.

Wapenzi wa magari ya Kiingereza walimpa Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ya Birmingham ilitengeneza vifaa vya umeme vya Land Rover, jina la utani la Mkuu wa Giza. Lawama hiyo imezidi kiasi. Swichi za Lucas zilikuwa na udhaifu wake, lakini sehemu kubwa ya giza hilo ilitoka kwenye viungo vilivyoachwa kula kutu miaka 40 bila kuguswa. Msasa, bisibisi na grisi kidogo ya kuzuia hewa vimerudisha mwanga katika magari mengi yaliyokuwa yakisubiri vipuri.

Geji zina kisa chao. Geji ya mafuta na ya joto katika Series III hazitumii volti 12 moja kwa moja, kwa sababu volti za gari hupanda na kushuka: betri iliyotulia ina kama 12.6, na injini ikiwa mbioni hufika 14 hivi. Geji zingepanda na kushuka pamoja nazo. Kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kisanduku kidogo cha bati, kidhibiti volti. Ndani yake kuna ulimi wa metali mbili zilizogandamanishwa, kila moja ikitanuka kwa kiwango chake inapopata joto. Umeme huupasha ulimi moto, ulimi hupinda na kukata umeme, hupoa na kuurudisha, tena na tena. Wastani wa kukatika na kurudi huko ni sawa na volti 10, na mishale ya geji, ambayo nayo huenda polepole kwa nguvu ya joto, haitambui mitetemo hiyo.

Ni kazi ya ufundi inayostahili heshima. Lakini kisanduku hicho nacho hutegemea chuma cha dashibodi kwa njia yake ya kurudi. Kikiikosa, ulimi haupati joto, haukati, na geji zote mbili hupokea volti za betri bila kupunguzwa. Dereva huona tangi limejaa kuliko alivyonunua na injini imechemka kuliko inavyonuka. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba geji moja ikikosea, tatizo liko kwenye kihisi chake au waya wake. Zikikosea zote mbili kwa pamoja na kuelekea upande mmoja, tatizo liko kwenye kile zinachochangia.

Kukosea hapa kuna gharama. Kihisi cha joto hupunguza ukinzani wake kadiri maji yanavyopata moto, na mkondo mkubwa huupeleka mshale juu. Waya wake ukichubuka na kugusa injini, mshale hulala kwenye hatari hata asubuhi ya baridi. Mara nyingi hatua inayofuata ni kuondoa themostati ili injini ipoe. Injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi, hunywa petroli zaidi na kuchakaa mapema, kwa sababu ya waya wa geji. Kabla ya kugusa rejeta, dereva achomoe waya wa kihisi. Mshale ukishuka, kihisi na kidhibiti volti ndivyo vya kupimwa. Ukibaki juu, waya umegusa chuma mahali fulani, na injini haina hatia.

Taa ya oili haivumilii majaribio ya namna hiyo barabarani. Swichi yake imefungwa kwenye injini na hukamilisha mzunguko pale shinikizo la oili likiwa chini. Ufunguo ukizungushwa, taa lazima iwake. Injini ikishika, izime ndani ya muda mfupi. Ikiwaka njiani, injini izimwe mara moja na kijiti cha oili kichunguzwe, kwa kuwa beringi za krenki hazisubiri. Uchunguzi wa waya ufanywe gari likiwa limesimama na injini imezimwa: ufunguo ukiwa umefunguliwa, waya ukichomolewa kwenye swichi, taa izime, ukigusishwa kwenye chuma cha injini, iwake. Taa ikipita mitihani hiyo miwili, sasa inaweza kuaminiwa, na ikiendelea kuwaka injini inapozunguka, shinikizo lenyewe lipimwe kwa geji ya fundi. Taa ya oili isiyowaka kabisa wakati wa kufungua ufunguo ni hatari kuliko inayowaka, na bado ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa sababu haimsumbui mtu.

Kurudi kwa ile taa nyekundu ya chaji: ikiwaka hafifu injini ikizunguka, maana yake ni kwamba pande zake mbili zinakaribiana lakini hazilingani. Huenda mkanda wa feni umelegea, huenda kiunganishi kati ya altaneta na betri kimeshika kutu, au diodi moja ndani ya altaneta imekufa. Ikiwa haiwaki kabisa ufunguo ukifunguliwa, waya mwembamba wa kahawia wenye mstari wa njano uchomolewe kwenye altaneta na kugusishwa chuma cha injini. Ikiwaka, balbu na waya ni vizima, na macho yaelekezwe kwenye kaboni za altaneta.

Siku hizi maduka ya vipuri yanauza balbu ndogo za LED kwa bei nafuu, na zinavutia: hazipati moto, hudumu, hung'aa. Kwa kumulika geji zinafaa. Kwa taa ya chaji zinaweza kuleta balaa. Altaneta nyingi za rika hili huamshwa na ule mkondo mdogo unaopitia balbu ya onyo, ambao kwa balbu ya wati 2.2 ni kama ampea 0.18. LED hupitisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Altaneta hukosa kuamka, betri hushuka safari baada ya safari, na mwenye gari hubadilisha betri akiamini amedhulumiwa dukani. Balbu iliyoungua huleta matokeo yaleyale.

Land Rover Series IIA za kabla ya 1967 zinahitaji tahadhari ya pekee. Zilitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nyingine zilibadilishwa baadaye, nyingine hazikubadilishwa. Kuunganisha betri kinyume katika gari lenye altaneta huunguza diodi papo hapo. Fundi mwangalifu hutazama kwanza ni ncha gani imefungwa kwenye chesisi, hata kama ameshika magari mia ya aina hiyo.

Nyaya zenyewe zina lugha ya rangi. Kwenye Land Rover, mweusi ni wa kurudi, mwekundu wenye mstari mweupe ni wa kumulika dashibodi, mweupe wenye mstari wa kahawia ni wa oili, kijani chenye mstari mweusi ni cha geji ya mafuta, kijani chepesi hutoka kwenye kidhibiti volti. Tatizo ni kwamba waya ukikatika njiani, huunganishwa na chochote kilichopo, hata waya wa spika. Panya nao hupenda kujificha nyuma ya dashibodi ya gari lililoegeshwa muda mrefu, na hutafuna ganda la nyaya. Baada ya marekebisho mengi, rangi hazisemi ukweli tena. Suluhisho ni la karani zaidi kuliko la fundi: kila waya unaofuatwa hadi mwisho wake upewe kipande cha utepe chenye jina, na mchoro uhifadhiwe ndani ya gari. Kazi hiyo huchukua mchana mzima na huokoa kila fundi atakayefuata.

Shaba iliyomo ndani ya nyaya hizo si ngeni Migori. Mgodi wa Macalder, huko Nyatike, ulichimba shaba pamoja na dhahabu hadi mwaka 1966, na mpaka leo wachimbaji wadogo huitafuta dhahabu katika eneo hilo. Wanaoishi karibu na mawe hayo wanaijua rangi ya kijani inayoifunika shaba iliyokutana na maji na hewa. Rangi hiyohiyo ikionekana kwenye ncha ya waya, kuikwangua ncha pekee hakutoshi, kwa sababu mara nyingi kijani kimepanda ndani ya ganda. Waya ukatwe hadi shaba safi ionekane, na kiungo kipya kibanwe au kilehemiwe kwa risasi. Kusokota kwa vidole na kufunga utepe ni kuuachia unyevu mlango wazi.

Na kuna hitilafu moja ambayo haipaswi kusubiri asubuhi. Katika magari mengi ya rika hili, taa za kumulika dashibodi hupata umeme kutoka kwenye mzunguko uleule wa taa ndogo za mbele na taa za nyuma. Zikizima zote kwa pamoja usiku, kwa mfano kati ya Rongo na Rodi Kopany, dereva anaweza kuendelea na safari kwa taa kubwa akidhani amepoteza geji tu. Aegeshe kando, ashuke, atazame nyuma ya gari. Ikiwa taa za nyuma zinawaka, kosa liko kwenye dashibodi, na mara nyingi ni swichi ya kupunguzia mwanga, ambayo waya wake uliosokotwa hushika kutu na husafishika kwa kuizungusha mara kadhaa huku na huku. Ikiwa nyuma kuna giza pia, lori la miwa linalokuja nyuma yake halimwoni, na fyuzi ndiyo ya kutazamwa kabla gari halijarudi barabarani.